Mpishi na Picha Zake za Masizi

Kibao cha kwanza alichochonga Mpishi kilikuwa cha kusukumia chapati, na kilikuwa mali ya shule. Nasema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karani wa stoo, na mimi ndiye niliyekwenda jikoni kukitafuta. Nilimkuta ameketi juu ya debe la mafuta lililopinduliwa, kibao kiko mapajani, anakikwangua kwa waya wa mwavuli alioupondaponda mpaka ukapata makali. Kuku wa kuchongwa alikuwa ameshatokea kwenye ubao hadi shingoni.

"Mama, hicho ni kibao cha shule," nikamwambia.

"Upande hii bado ni ya shule," akasema, akakigeuza kunionyesha upande laini. "Hii ingine ilikuwa inakaa bure tu."

Wiki iliyofuata msaidizi wake alikosea upande, na wasichana wa kidato cha kwanza wakala chapati zenye kuku mgongoni. Mwalimu mkuu hakumwita Mpishi. Aliniita mimi.

Ndivyo tulivyoanza urafiki wetu, ikiwa ule ulikuwa urafiki. Alikuwa na jina lake, lakini mji mzima wa Lodwar ulimwita Mpishi na mwenyewe aliitika. Alikuwa mwanamke mrefu, ana shanga shingoni chini ya aproni, na vidole vyeusi ambavyo sabuni ilikuwa imeshavikatia tamaa. Sauti yake ya kuita watu mezani ilisikika mpaka barabarani. Kila Jumapili alikaa kanisani benchi la mbele, lakini padri alipomwomba achonge watakatifu alikataa, akamwambia watakatifu wana picha za kutosha, kuku ndio hawana.

Kabla ya kuja shuleni alipika katika nyumba moja ya wageni, na huko alikaa Mjapani mmoja, fundi wa kuchimba visima. Kila Desemba Mjapani huyo alifuta meza ya kulia, akatandaza karatasi, akachonga kipande cha ubao na kuchapa kadi za salamu za mwaka mpya za kutuma kwao. Mpishi alisimama mlangoni na sinia mkononi akimtazama. Kilichomshika ni kwamba mwanamume mzima, aliyetoboa ardhi tangu asubuhi, alikuja kuomba mwiko wa jikoni ili kwa mgongo wa mwiko asugulie karatasi juu ya ubao uliopakwa wino. Mwiko ule ule wa ugali.

"Mwaka unaokuja ni wa mbuzi," Mjapani alimwambia, kwa maana kwao kila mwaka una mnyama wake na mnyama huyo ndiye huchongwa kwenye kadi.

"Mwaka ya mbuzi?" Mpishi akasema. "Basi nyinyi ni watu."

Akauliza mwaka wa ngamia ni lini. Akaambiwa haupo. Alisikitika kwa dhati, na miaka mingi baadaye aliniambia kwamba Wajapani walikosea hapo tu, kwingine kote wako sawa.

Mjapani ndiye aliyemsimulia habari za picha za zamani za kwao. Kwamba picha moja iliuzwa kwa bei ya bakuli la tambi. Kwamba walionunua walikuwa maseremala, wauza samaki, vijakazi siku ya mapumziko. Picha zilikuwa za wacheza mieleka, waigizaji, paka, akina mama wanaosuka nywele. Nyingine zilikuwa kalenda. Nyingine zilibandikwa kwenye vipepeo vya kujipepea wakati wa joto, nyingine watoto walikata kwa mkasi na kuchezea, na zilikuwepo nyekundu tupu za kuweka karibu na mtoto ili ndui isimguse. Zilikaa ukutani hadi zikararuka, na zilizochakaa zilifungia vikombe visivunjike safarini. Baadaye sana watu wa Ulaya walizinyoosha makunyanzi, wakazitia kwenye vioo, wakazinyamazia kimya.

Mpishi aliipenda hadithi hiyo mpaka kwenye vikombe. Kwenye vioo aliichukia. "Hapo ndio walizika," alisema.

Basi akashika kazi. Wino wake ulitoka chini ya sufuria: alikwangua masizi, akayasaga, akayachanganya na utomvu wa mgunga uliolowekwa pamoja na kijiko cha uji wa mchele. Karatasi ilikuwa mifuko ya unga wa ngano, aliyoipasua kwenye mshono na kuigeuza, akachapa kule ndani kweupe. Hapo ndipo tulipogombana hasa, kwa sababu mimi nilizoea kuhifadhi kila kitu, hata kilicho kitupu. Ubao aliupata kwa wachoma makaa, vigogo vya mathenge, ule mti wa miiba uliojaa kando ya mto na kila mtu anaulaani. Seremala alimpasulia mbao. "Hii mti ilikuja bila kuitwa," alisema. "Wacha ifanye kazi."

Mtu huyu alikuwa na mambo yasiyopatana na sikuwahi kuyapatanisha. Jikoni alikuwa mkarimu kupita kiasi. Aliyepita na njaa alikula, na mimi nikabaki kueleza kwa nini maharage yameisha mapema. Lakini picha hakumpa mtu bure. Nilifanya naye kazi miaka kumi na miwili na yangu niliinunua.

"Chakula nikikupa utashiba," aliniambia. "Picha nikikupa utafungia ndizi."

Nilimkumbusha kwamba Wajapani wake wenyewe walifungia vikombe.

"Walinunua kwanza," akasema.

Alichukia picha kutiwa kwenye kioo, lakini afisa mmoja wa ofisi za mjini alipotaka tatu za kutundika nyuma ya meza yake, alimuuzia, akanunua viatu vyekundu, akavivaa kanisani huku akimsengenya afisa yule njia nzima. Viatu vilikuwa vizuri kweli, lazima niseme.

Kitu alichokitaka alikitaja waziwazi, na alikitaja mara nyingi mpaka nikachoka. "Nataka mtu wa mbuzi anunue picha yangu," alisema. "Si mzungu, si ofisi. Mtu wa mbuzi, aje mwenyewe, atoe pesa yake, apeleke kwa nyumba yake, na hakuna mtu amemwomba." Alikuwa amezaliwa katika mifugo na ndugu zake walikuwa bado wanahama nayo. Alisema watu wengine wote wakinunua na wake wasinunue, atakuwa amepika kwa jirani.

"Mtu wa mbuzi hana hata ukuta," nilimjibu. Nyumba ya mfugaji ni matawi yaliyoinamishwa na kuezekwa kwa majani ya mkoma na ngozi.

"Wajapani nyumba yao ilikuwa ya karatasi," akasema. "Na walipata mahali."

Mwenye hoteli mmoja Msomali pale mjini alikaribia kumtimizia. Alimwambia kwa adabu kwamba mahali anaposalia hawezi kuweka kiumbe mwenye macho, ila akimfanyia birika ataichukua. Mpishi alichonga birika na mvuke wake na vikombe viwili. Mwenye hoteli alilipa kabla ya kuombwa, akaibandika juu ya meza ya pesa, na wateja wasiojua Kiswahili wakawa wanainyooshea kidole wakitaka chai. Mpishi alitembea na raha siku mbili. Siku ya tatu akanijia stoo.

"Lakini hiyo ni hoteli, Karani," akasema. "Hoteli si nyumba."

Akabeba picha zake hadi mnada wa mifugo. Nilimsindikiza na ninajuta. Wafugaji walizipokea, wakazigeuza huku na huku, wakazirudisha.

"Kuku? Kuku niko naye."

"Mama, nimekuja kuuza mbuzi, halafu ninunue mbuzi ya karatasi?"

"Hii kitu kazi yake nini?"

Walicheka mpaka machozi, na yeye akacheka nao kwa sauti kuliko wote. Nilimwonea huruma, nami si mtu wa huruma nyingi.

Kisha akaja mzee wa ngamia. Alitoka upande wa Lokiriama kwa miguu, akaomba maji mlangoni pa jikoni, na kwa kuwa mlango ule ulikuwa wa Mpishi akapewa na chakula. Alikuwa akimtafuta ngamia wake jike, yule waliyekuwa wakimkamua, aliyechanganyika na kundi la watu wengine waliokuwa wakielekea kaskazini. Watoto nyumbani walikuwa wamekaa bila maziwa.

"Nieleze ngamia," Mpishi akamwambia.

Mzee akaeleza: shingo yake, mkato wa sikio, na alama ya ukoo kwenye paja la kushoto. Kwa Waturkana kila ukoo una alama yake ya kuchoma kwa chuma, emachar, na upande inapowekwa ni sehemu ya alama yenyewe. Mpishi alichonga siku nzima akiwa na furaha isiyojificha. Hatimaye picha yenye kazi! Alimchapia mzee karatasi nyingi za mifuko ya simenti, akamwambia aende kaskazini, Kakuma, abandike kila mahali watu wanaposaga unga na kila mahali wanapouza mbuzi. Mzee akadandia lori.

Baada ya juma moja akarudi. Hakusalimu. Alizungumza Kiswahili, ili mimi mtu wa ofisi nisikie.

"Umenifanya mwizi," alimwambia Mpishi. "Kakuma wananiita mwizi."

"Nani?"

"Wote. Alama yangu iko mguu ya kushoto. Karatasi yako imeweka kulia. Kulia ni ukoo ingine, na hao watu wako Kakuma. Wanauliza, mbona huyu mzee anafuata ngamia yetu? Mimi sijaiba hata sindano!"

"Nilichonga kushoto," Mpishi akasema, akaenda kuleta ubao. Na kweli, kwenye ubao alama ilikuwa kushoto. Akaweka karatasi kando yake. Kulia. Akatazama ubao, akatazama karatasi, akatazama tena ubao.

Mimi nilielewa papo hapo na nikaona aibu. Kila siku niligonga muhuri wa shule wenye herufi zilizogeuka nyuma mbele, na sikuwahi kumwambia. Mpishi hakuwa msomaji, hakuwahi kuchonga herufi hata moja. Kuku akitazama huku au kule ni kuku. Birika ikiwa na mdomo kulia au kushoto inamimina chai. Miaka yote ile picha zake zilikuwa zinatoka zimegeuka, na hakuna aliyejali kwa sababu hakuna aliyezihitaji.

Akakaa juu ya debe lake. "Mjapani alikuwa anachora kwa karatasi," akasema polepole, "halafu anabandika hiyo karatasi kwa ubao kifudifudi, anachonga juu yake. Niliona kwa macho yangu, kila Desemba. Nilidhani anakinga mchoro na vumbi. Mimi pia nafunika sahani hivyo."

Hiyo ndiyo mara ya pekee niliyomwona amenyong'onyea. Halafu akanyanyuka, akadai kwangu karatasi nyembamba za nakala, na kwa mara ya kwanza sikuuliza za nini. Alichora ngamia upya, akaipaka karatasi mafuta ya kupikia mpaka mistari ikaonekana kwa nyuma, akaibandika kifudifudi kwenye ubao mpya. Alichonga siku mbili huku githeri, mahindi na maharage ya wanafunzi, ikichemka. Mzee alikaa mlangoni akimlinda, na kila mara aliuliza: "Hiyo ni kushoto ya nani?"

Tulikwenda Kakuma watatu, mimi nimebeba ndoo ya uji wa kubandikia. Jina la mzee lilikuwa mikononi mwa Mpishi, na alilijua hilo. Njia nzima hakutania mtu. Tulibandua karatasi za zamani moja baada ya nyingine, tukabandika mpya mahali pake. Kwenye mnada, wanaume wa ule ukoo mwingine walitujia, na fimbo zao hazikuwa za kutembelea tu.

Mpishi akasimama mbele yao. Alisema kwa Kiturkana, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya wachuuzi Wasomali waliosogea kusikiliza. "Kosa ni yangu. Huyu mzee hakusema uongo hata kidogo. Mimi ndiye niligeuza ngamia yake."

"Ngamia inageuzwa aje?" mmoja akauliza.

Mpishi akachovya kiganja cha kulia kwenye wino aliokuja nao, akakigandamiza kwenye mfuko wa simenti, akaunyanyua mkono na karatasi pamoja. Kidole gumba cha karatasi kilikuwa kimehamia upande mwingine. Kisha mmoja akaomba naye ajaribu. Kisha wa pili. Kabla ya adhuhuri karatasi ile ilikuwa imejaa viganja vya wazee wenye heshima zao, wakicheka na kulinganisha vidole gumba, na aliyekuwa wa kwanza kumwita mzee mwizi alikuwa akimshika bega kwa mkono wa masizi.

Na halafu wakaisoma picha mpya. Sikuwahi kuona picha ikisomwa namna ile. Walibishana juu ya mkato wa sikio, wakabishana kama kiwele kimekaa sawa, wakamtaja mama wa ngamia yule na mahali alikonunuliwa. Mpishi alisimama nyuma yao akiwa amekunja mikono, uso unamng'aa kama sufuria iliyotoka kusuguliwa. Siku chache baadaye habari ikaja kutoka Nakalale: mtu aliyeiona karatasi kwenye mashine ya kusaga amelitambua sikio. Ngamia alirudi Lokiriama kwa miguu yake, na mzee akamletea Mpishi mbuzi wa shukrani.

Tulikula, tukafurahi, jikoni kukawa na kelele ya sikukuu. Baada ya kula Mpishi alisugua sinia kwa muda mrefu.

"Hakutaka picha," aliniambia. "Alitaka ngamia."

Nikamwambia asiwe na tamaa. Akanijibu kwamba hiyo si tamaa, hicho ndicho alichokuwa akikitafuta toka mwanzo, na tangazo ni tangazo tu.

Mwaka huu nilipita Kakuma. Niliacha kazi ya stoo zamani, na Mpishi naye aliacha jiko la shule, akafungua hoteli ndogo ya mabati kwenye barabara ya kwenda kambi ya wakimbizi. Nilimkuta akiwa na mtandio kichwani na macho yaliyoanza kuingia ukungu. Wasichana wawili wa Kikongo waliojifunza kwake ndio wanaochonga sasa, maana mkono wake unatetemeka. Watu wa kambini wananunua. Wanabandika picha kwenye mabati ya vyumba vyao, wanazipa bibi harusi, na kalenda za Januari huisha kabla ya Krismasi. Nilimpongeza kwa moyo wote. Alinipikia, akakataa nisilipe, akanionyesha bei ya picha.

"Na mtu wa mbuzi?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Bado," akasema. "Nakaribia kukubali, Karani. Macho yangu hayatangoja."

Tulikuwa bado tunaongea alipoingia mwanamke mmoja mwenye shanga nyingi, fimbo mkononi, vumbi la safari hadi magotini. Alikuwa amekuja na mbuzi wa mnada. "Ejok," akasalimu, akazitazama picha zote bila haraka. Waliongea Kiturkana, nami nilishakijua cha kutosha.

"Wewe ndiye uliyechapa ngamia wa Lokiriama?"

"Ni mimi."

"Mimi ni mke wa yule mzee. Alirudi na karatasi moja. Niliiweka ndani, ikakaa miaka. Mvua ya juzi imeila. Nataka nyingine."

Mpishi alishika ukingo wa meza. "Ngamia si yupo?"

"Yupo. Amezaa mara mbili."

"Sasa karatasi ya nini?"

Yule mama alimtazama kwa mshangao, kwa vile swali lenyewe lilikuwa la kijinga. "Ngamia huenda malisho miezi na miezi na wanaume. Mimi nabaki nyumbani na watoto. Yule wa karatasi haendi malisho."

Msichana mmoja aliutoa ubao juu ya kabati, akaupaka wino, akatandaza karatasi, akausugua kwa mwiko. Ngamia akatoka, mweusi, mzima. Mpishi akataja bei.

"Ghali!" mama akasema.

Mpishi hakushusha. Mama akatoka nje, akasimama juani akitazama barabara, akarudi. Akasema karatasi ni nyepesi. Akasema shingo ni fupi. Akatoka tena. Aliporudi mara ya tatu alifungua fundo la nguo yake, akatoa pesa huku akilalamika kwa sauti kwamba watu wa mjini hawana huruma, akaikunja picha kwa uangalifu, akaiweka kifuani, akaenda zake bila kuaga.

Nilimgeukia Mpishi. Machozi yalikuwa yanamteremka na hakuyafuta, na alikuwa anacheka.

"Umemsikia, Karani?" akasema. "Amesema ghali. Miaka yote wananiuliza hii kitu kazi yake nini. Leo amesema ghali!"